Kidole Gumba Chini ya Kiraka

Tarehe 3 Februari

Dada,

Shikamoo. Usinune, najua nimekaa wiki tatu sijakuandikia. Simu zetu tunaziacha getini kwa mlinzi. Unaipata ukitoka, na mimi sitoki maana nalala humuhumu. Barua hii inapelekwa posta na mpishi wa hapa, mama mmoja mwenye sauti ya kufukuzia mbwa, tunamwita Mama Sufuria. Ukijibu, iweke ndani ya mzigo wa gundi. Mlinzi hufungua kila mzigo, lakini akinusa gundi ya ngano anafunga haraka.

Kazi nimepata, dada, na ni kazi kweli! Tajiri ana hati kumi na mbili za wafalme, na kila moja ina saini ya mfalme mwenyewe, kwa mkono wake. Barua, amri, mkataba wa mpaka. Zamani alikuwa na machinjio, akauza yote, ng'ombe, ngozi na majengo, akanunua karatasi. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya kabati la chuma akaniambia, "Fundi, dhahabu wanachimba kila siku. Nyumba wanajenga kila siku. Lakini mfalme aliyekufa hasaini tena." Akacheka peke yake. Mwezi wa nne wanunuzi wakubwa wanakuja, na kazi yangu ni kuzisafisha hati, kuziba matundu na kuzinyoosha.

Chumba changu hakina dirisha. Kina meza ndefu, mabeseni mawili, taa ya shingo ndefu, na mashine ya kubania vitabu, ya chuma, yenye usukani juu, nzito mara mbili ya ile ya Baba. Nimeipaka mafuta, inazunguka bila kulia.

Ila watu wa hapa wana mikono myepesi. Juzi mzee anayefagia aliacha glasi ya maji mezani kwangu, mbali kabisa na karatasi. Tajiri akaingia akaiona. Alimtazama tu yule mpambe wake tunayemwita Bondia. Bondia akaichukua ile glasi akampiga nayo mzee mdomoni, ikapasuka. Mzee akapiga magoti akaanza kuokota vipande huku damu inamdondoka, anasema samahani bwana, samahani bwana. Naona aibu kukuandikia nilichofanya mimi. Nilizifunika karatasi zisirukiwe na damu.

Hati namba saba ndiyo roho ya Tajiri. Ni ule msamaha wa wafungwa arobaini, uliosainiwa na mfalme wa mwisho siku tatu kabla ya kuuawa. Wote tulisoma shuleni kwamba msamaha ulitoka na hati ikapotea. Kumbe kuna dalali aliiibua miaka minne iliyopita. Nimeishika, dada! Nimeshika karatasi aliyoishika mfalme, na mkono ukanitetemeka. Saini ina haraka, unamwona kabisa mtu anayejua wanakuja kumchukua. Nyuma kuna kiraka kwenye kona ya chini, kimeanza kujikunja. Nitakibandua nikiweke upya.

Niletee makopo mawili ya gundi na karatasi laini ya kuzibia.

Mdogo wako,
Gundi


Tarehe 9 Februari

We Gundi,

Marahaba. Nimenuna na nitaendelea kununa mpaka nikuone. Wiki tatu! Nilikuwa nimebakiza kwenda kukuulizia mochwari. Na aibu ikupate, mtu unaitwa Gundi na gundi huwezi kujipikia.

Makopo mawili hayo hapo. Nimeweka lebo ya karakana ya Baba kama kawaida, usije ukayachanganya na makopo ya rangi.

Hapa mambo ni yaleyale. Nina madaftari mia mbili ya shule ya kujalidi, vidole vimeota sugu. Jana kaingia mteja, ananikuta nimevaa aproni, sindano mdomoni, kitabu nimekibana kwa magoti, ananiuliza eti fundi yuko wapi. Nikamwambia fundi mzee alikufa mwaka juzi, fundi aliyebaki unamtazama. Akasema basi, atapita siku nyingine. Nikamtupia mfuniko wa kopo, ukamkosa.

Huyo mzee wa glasi amenikosesha hamu ya chakula. Nyumba ambayo mtu anapasuliwa mdomo kwa ajili ya maji si nyumba ya kukaa. Maliza mwezi uondoke.

Sasa nisikilize vizuri. Namba saba usiiloweshe. Hicho kiraka usikibandue, usikiguse, usikipulizie hata pumzi. Mwambie Tajiri hati iko salama kama ilivyo, irudi kabatini. Nakuomba kama dada, na nakuamuru kama fundi aliyekufundisha kushika kisu. Usiniulize kwa nini, wewe fanya hivyo tu. Na huyo dalali, ni yule mrefu wa kofia ya kijivu?

Dada yako


Tarehe 17 Februari

Dada,

Naanza na kosa langu, ili hasira ziishe kabla hatujafika kwenye la kwako.

Nilisoma barua yako nikachukia. Nikasema huyu mpaka leo ananiona mtoto wa kushikiwa kisu. Kwa hiyo nilifanya kwa utaratibu wote ulionifundisha, ili siku moja nikuonyeshe. Kila hati niliijaribu kwanza kwa tone la maji kwenye herufi ya pembeni. Zile kumi na moja wino wake ulikimbia palepale, ni wino wa masizi, nikaandika kwenye bahasha zake: maji marufuku. Namba saba wino haukutikisika. Jumatatu saa nne asubuhi nikailaza kwenye beseni.

Kiraka kilitoka chenyewe. Na kilipotoka kiliondoka na nusu ya herufi ya upande wa mbele. Maana yake tundu lilizibwa kwanza, maandishi yakaja baadaye. Chini ya kiraka, kwenye gundi, kuna alama ya kidole gumba chenye wino. Na hilo gumba lina kovu la mshazari.

Dada, kovu hilo nilikutia mimi. Nilikuwa na miaka sita, nikavuta kisu cha Baba wakati wewe umeshika ubao. Nalijua kuliko uso wangu. Na Baba alitufundisha wote wawili, kabla ya kulaza kiraka bonyeza gundi kwa gumba, ikikung'ang'ania ndiyo imeiva. Mafundi wengine wanapima kwa saa. Ni sisi tu tunaobonyeza.

Hakuna mfalme pale. Nilitetemeka mbele ya mkono wako.

Nilikuwa nimeshika sifongo niifute ile alama, nikasikia mtu anapumua nyuma yangu. Tajiri alikuwa mlangoni, sijui tangu saa ngapi. Akaja, akakitazama kiraka na ile nusu herufi, akageuza, akatazama tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Mfalme gani anaandika kwenye karatasi yenye kiraka?" Alichukua mkasi, akaikata ile alama ya gumba, akaikausha kwa pumzi yake na kuitia kwenye pochi.

Jana wamemleta dalali. Ndiyo, mrefu, kofia ya kijivu. Walimwingizia mkono kwenye mashine yangu ya kubania, na aliyezungusha usukani ni mimi. Bondia alikuwa nyuma yangu ameniwekea kisu chini ya sikio, lakini mikono iliyozungusha ni yangu, sitakudanganya. Tajiri alikuwa anauliza swali moja tu, "Nani aliandika?" Mzunguko mmoja, swali. Mzunguko mwingine, swali. Nilisikia mifupa, dada. Ile mashine niliipaka mafuta mwenyewe. Dalali alipiga kelele mpaka sauti ikamwisha, akabaki anafungua mdomo tu, halafu akazimia kabla ya kusema. Wakamwagia maji ya beseni langu wakaanza na mkono wa pili. Hakutaja jina.

Leo Tajiri amepima magumba ya watu wote humu ndani kwa kidau cha wino, mpaka la mtunza bustani. Anasema kesho ataanza kutafuta nje. Mlango wangu unafungwa kwa nje. Chakula analeta Mama Sufuria, na barua hii inatoka chini ya sahani.

Niambie kwa nini ulifanya hivi. Halafu niambie nifanye nini, maana mimi akili imesimama.

Gundi


Tarehe 21 Februari

Mdogo wangu,

Ni mimi.

Karatasi niliitoa kwenye kitabu cha zamani, ukurasa mtupu wa mwisho, ulikuwa na tundu la mdudu, nikaliziba wakati vidole vimeshachafuka kwa wino wa majaribio. Nilifanya kwa siku tisa, nyuma ya pazia, Baba akiwa mgonjwa kitandani. Kwa nini, nitakueleza tukiwa tumekaa uso kwa uso, siwezi kuliandika hilo sasa.

Nifanyie hili moja. Nitaje. Nenda mwambie Tajiri, "Ni dada yangu, gumba lenye kovu ni lake, anakaa mahali fulani, mimi sikujua." Mwambie hivyohivyo, bila nakshi, halafu ondoka humo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na huu nimejidunga mwenyewe. Akija, nitajua la kumfanya. Mimi nina mlango wa nyuma na wewe huna hata dirisha.

Usijifanye shujaa, Gundi. Ulikuwa mwoga tangu unatambaa, ukiona kuku unanikimbilia mimi, na nilikupenda hivyohivyo. Kuwa mwoga sasa. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu kwa magoti, leo nimepiga magoti kwenye sakafu ya karakana na vumbi lake lote.

Huyo dalali aliyenyamaza, Mungu amlaze pazuri akifa. Alikuwa mjanja na mwongo, na sikutegemea.

Nitaje leo.

Dada yako


Tarehe 26 Februari

Kwa Dada wa Fundi,

Mimi ni mpishi. Kuandika si kazi yangu, utanisamehe.

Barua yako aliisoma akanipa niichome kwenye jiko langu. Kisha akaniomba kahawa nyeusi, siki, na kile kisu changu kidogo. Nikadhani ni mambo yake ya karatasi, maana naona anazizeesha kwa kahawa. Kumbe alijikata gumba la kulia kwa mshazari, akalibana na gundi, akawa analipaka kahawa na siki siku mbili ili kidonda kionekane cha zamani. Kisha akagonga mlango mpaka akapelekwa kwa Tajiri, akanyoosha mkono, akasema aliyeandika ni mimi, kovu hili hapa.

Dada yangu, karatasi zimemharibu mdogo wako akili. Anadhani na nyama inazeeka kwa kahawa, wakati gumba lake lilishapimwa kwa wino bila kovu. Yule mtu amechinja miaka thelathini! Alicheka mpaka akatafuta kiti. Akasema mtu hajikati afanane na mtu asiyemjua, kwa hiyo wewe unamjua, nani huyo.

Walimleta jikoni kwangu. Walimlaza mkono juu ya ubao wangu wa nyama, Bondia akachukua shoka la mifupa, akalitoa gumba lote. Mara ya kwanza halikukatika vizuri akarudia. Mimi nilizuiwa mlangoni. Fundi alikuita wewe, hakuita jina, aliita dada, dada, kama mtoto. Nimemfunga kwa aproni yangu na nikamchoma jeraha kwa kijiko cha moto damu ikasimama.

Dalali amekufa jana asubuhi. Wamemtoa kwa gari la taka.

Fundi hakukutaja. Ila Tajiri alikwenda chumbani kwa Fundi akapekua, akaliona kopo la gundi, na juu yake kuna lebo ya karakana yenu na mtaa. Mimi nilikuwa naliona kila siku, sikulitupa. Nisamehe.

Mpishi


Tarehe 27 Februari

Bibi Fundi,

Nakupongeza. Niliipeleka ile karatasi kwa wataalamu watatu wenye miwani, wote walinipa mkono. Mimi naheshimu kazi nzuri, hata ya mwizi.

Mdogo wako ana vidole tisa. Ni mpole, hasumbui. Njoo mwenyewe kabla ya tarehe tano Machi, uje na mkono wako wa kulia. Kila siku utakayochelewa baada ya hapo nitapunguza kimoja. Polisi ukitaka waite, mkuu wao nimemlisha nyama miaka kumi bure.

Wanunuzi wangu wamealikwa kuona wafalme kumi na wawili. Sasa ninao kumi na mmoja na aibu moja. Aibu hiyo utanilipa kwa nyama.

Mwenye Mali


Tarehe 1 Machi

Bwana Mchinjaji,

Barua yako nimeisoma. Unaandika vizuri kwa mtu aliyejifunzia kusoma kwenye mihuri ya machinjioni.

Umekata gumba la mtu, umeua mtu, na swali la maana hukuliuliza. Hukuuliza nimekuandikia ngapi.

Kati ya hizo kumi na moja zilizobaki kabatini kwako, nne ni zangu. Dalali alikuletea kwa nyakati tofauti ili usishtuke. Zipi, sikwambii. Wewe unafuga karatasi tu, anayejua zipi zina ugonjwa ni mimi.

Mwachie mdogo wangu. Aje kwangu kwa miguu yake. Siku atakayoingia mlango huu nitakuandikia zile namba nne, na nitakuonyesha jinsi ya kuziuza bila mtu kunusa. Ukimgusa tena hata ukucha, nawaandikia wanunuzi wako mmoja mmoja kwamba nyumba yako imejaa kazi yangu. Majina yao ulijigamba nayo mwenyewe kwenye gazeti. Baada ya hapo karatasi zako utafungia nyama.

Mimi,
aliyekudanganya wewe na miwani mitatu


Tarehe 6 Machi

Dada,

Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, vumilia. Niko hai. Niko wodini, mji wa pili kutoka kwako. Nimekupigia kwa simu ya muuguzi tangu alfajiri, inaita tu. Barua hii anakuletea dereva wa lori la mkaa, nimemwomba aendeshe bila kusimama. Ukiipata usimalize kusoma, toka kwanza. Tajiri anakuja kwako na lile shoka.

Dada, uliandika nini kwa yule mtu?

Alikuja na barua yako jana asubuhi, akanisomea yote kwa sauti. Akasema, "Ile ya kwanza ilijiumbua kwenye maji. Basi tuzioshe zote, nne za dada yako zitajitaja." Nikamwambia, bwana, hizi zote ni za kweli, dada anakutisha tu, wino wa hati hizi ni wa masizi, maji yatazimaliza, nimeandika kwenye bahasha, soma. Akasoma. Akaniambia, "Na kovu lako pia ulisema ni la kweli." Akanipiga teke kwenye mkono ule mbovu. Nilipozinduka alikuwa ameshajaza maji beseni refu la kuogea.

Akataka zilowekwe zote pamoja, apate kuona zipi nne. Ningeweza kulia, kujitupa juu yake, kumwapia. Sikufanya. Nilizilaza mwenyewe, moja moja, taratibu, kwa mkono wa kushoto. Nilijua nafanya nini na nilifurahi. Kazi yangu ni kuokoa karatasi, na jana nilizizamisha kwa raha.

Ule mkataba wa mpaka ndio ulianza. Wino ukainuka kama moshi. Tajiri akapiga makofi. "Moja!" Ikafuata barua kwa malkia. "Mbili!" Akahesabu mpaka nne, anacheka, amemshika Bondia bega. Halafu ya tano ikaanza kutoa moshi. Ya sita. Akaacha kuhesabu. Ya nane alikuwa ameshaingiza mikono yote miwili majini, anazikamata, na unajua karatasi iliyolowa ukiikamata kwa hasira inavyokuwa. Zilimchanikia mikononi kama mkate kwenye chai. Alitoka na uji mweusi mpaka viwikoni, na mali yake yote ilikuwa humo.

Akamwambia Bondia aniue. Bondia akatazama lile beseni, akauliza, "Na mshahara wangu?" Tajiri akachomoa chuma cha usukani kwenye mashine yangu akampiga nacho kichwani, mara tatu, nne, hata alipokuwa ameshalala chini aliendelea. Sijui kama aliamka. Mimi nilitambaa chini ya meza mpaka mlangoni, Mama Sufuria akanivuta kwa kola, tukatokea nyuma. Tulijificha kwa ndugu yake, na usiku wakanileta huku wodini. Alfajiri ya leo mlinzi wa getini, ambaye naye amekimbia, ametuambia Tajiri ametoka na gari peke yake, shoka kwenye gunia, anauliza njia ya mtaa wenu.

Toka, dada! Acha madaftari, acha vifaa vya Baba, toka kwa mlango wa nyuma.

Gundi


Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imefika saa nane mchana. Tajiri alifika saa tano.

Aliingia bila kugonga. Shati jeupe na mikono myeusi mpaka viwikoni, nikadhani ni mkaa. Nilijua ni nani kwa lile shoka alilolichomoa kwenye gunia. Nikamuuliza, "Mdogo wangu yuko wapi?" Akasema, "Nimemzamisha pamoja na wafalme. Alikuwa anakuita." Nikamwamini. Mama Sufuria alikuwa ameshaniandikia kwamba uliniita, kwa hiyo niliamini kila neno. Simu yangu ilikuwa inalia kwenye rafu wakati uleule, nikasema moyoni ni watu wa shule na madaftari yao. Sikuigeukia.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ningejua uko hai ningekimbia, Gundi, ningekimbia na viatu mkononi. Lakini nilikuwa nimeshakuzika, na sikuwa na haraka ya kwenda popote.

Aliniambia niweke mkono mezani. Nikauweka, kwenye meza ya kile kisu kikubwa cha kukatia majalada, chenye mkono mrefu wa chuma, kile ambacho Baba alikuwa akitukataza hata kukisogelea. Nikaulaza mkono wa kulia na kiganja juu. Shoka lilikuwa mkononi mwake, angeweza kumaliza. Ila kwanza akataka kuhakikisha mali. Akatoa pochi, akatoa kile kipande, akainama kulinganisha alama na gumba langu, akainama zaidi kwa sababu hakuja na miwani. Shingo yake ikawa chini ya kile kisu. Nikashusha chuma kwa mkono wa kushoto, kwa uzito wangu wote.

Mara moja haikutosha. Alinishika nywele, akanivuta, nikamng'ata mkono mpaka meno yakagongana. Nikashusha tena. Nilihesabu kwa jina lako, na sitakuambia mara ngapi. Alikuwa mzito kama ng'ombe wake.

Halafu nikakaa chini kwenye damu, nikangoja kulia, machozi hayakuja. Saa tatu nzima. Dereva wa mkaa ndiye aliyenikuta. Alisimama mlangoni akatapika, halafu, Mungu ambariki, akaninyooshea barua kwa kuwa aliahidi. Nikauona mwandiko wa mkono wa kushoto. Nililia mpaka yule baba wa watu akaniinua. Uko hai! Nimeua mtu kwa ajili ya kifo ambacho hakikutokea, na sioni pa kujuta, kwa sababu uko hai.

Dereva nimemtuma polisi, wa kituo kikubwa, si kwa huyo mkuu wa nyama. Nawangoja. Usije leo. Kaa wodini mpaka mkono upone, na huyo Mama Sufuria umshike kama mama yako. Vifaa ni vyako vyote. Utajifunza upya kwa mkono mwingine, wewe ni mbishi, utaweza.

Uliniuliza kwa nini, nikasema tutakaa uso kwa uso. Sijui tutakaa lini, kwa hiyo nakuandikia.

Haikuwa njaa. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi kwenye karakana ile na kila kitabu kilichotoka kiliitwa kazi ya mzee. Baba mikono ilikuwa ikimtetemeka, vitabu vilikuwa vyangu, na yeye mwenyewe alipokea sifa akanyamaza. Wewe ukasomeshwa ufundi mjini, mimi nikaachiwa gundi nipike. Dalali ndiye mtu wa kwanza aliyeshika kazi yangu akaniuliza, "Umefanya wewe?" Ndipo nikataka kujua kama mkono huu unaweza kusimamisha watu wakubwa kimya. Fedha yake nilimzikia Baba, iliyobaki sijaigusa.

Na ile barua yako ya kwanza, ulipoandika kwamba ulishika karatasi aliyoishika mfalme na mkono ukakutetemeka, niliisoma mara tano. Niliogopa, ndiyo. Lakini kabla ya kuogopa nilifurahi. Nilifurahi siku nzima, nikashona madaftari nikiimba. Ningekuandikia ukweli siku ileile, ungeondoka na vidole kumi. Nikachelewa, nikakuandikia mafumbo ya usiguse, usiulize, kwa sababu nilitaka uendelee kutetemeka hata wiki moja zaidi.

Watu wawili wamekufa, labda watatu, na wewe huna gumba, kwa sababu nilitaka mtu mmoja atetemeke mbele ya kazi yangu. Ndiyo sababu, mdogo wangu. Hakuna nyingine.

Dada yako